Mgeni wa Saa Moja Kasorobo

Zuhura mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga, na kwa ninavyowajua watu wa Jibondo hutarudi kabla ya magharibi. Hakuna nyumba itakayokubali kuagwa mlangoni. Utakalishwa, utapewa chai, utaombewa dua, kisha mwenye nyumba atakusimulia habari za utoto wako ambazo unazijua kuliko yeye. Basi mimi nina mchana mzima, kalamu ya kamati ya maji na daftari lake, na leo kamati itanisamehe kurasa hizi.

Barua nitaichomeka ndani ya begi, chini ya zile nguo ulizozikunja ukanikataza nisizikunje upya. Sitakwambia ule, ulale, uswali kwa wakati. Hayo atakwambia shangazi yako wa Mbagala mpaka uchoke, na ukichoka atayarudia. Mimi nina jambo moja la kukiri, na nimelizunguka tangu juzi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ni juu ya kile kidude chako cha tangini, na juu ya siku sita ulizokwama hapa huku wenzako wakiripoti chuoni. Vitanda vya bweni vimekwisha kwa waliowahi, wewe utakuwa unaamka usiku kuwahi darasa kutoka Mbagala, na mwisho wa kuripoti ni Jumatatu. Umekuwa ukisema kwamba siku zile zimeliwa na mitambo. Mwanangu, zimeliwa na mimi.

Unajua kwa nini ruta ya ofisi yetu ya maji, kile kisanduku cha waifai, ina daftari. Ilipofungwa, nywila ilikaa siri kwa siku mbili. Siku ya tatu vijana wote wa upande huu walikuwa juu ya ukuta wa ofisi wakitazama mpira, na bando la mwezi likakatika kabla mwezi haujaanza kunoga. Ndipo mwenyekiti wetu, Mzee Mwinyi, akaamua kila kifaa kiandikishwe. Fundi akanionyesha kwenye simu yangu ile orodha iliyomo ndani ya ruta. Kila kifaa kina anwani yake, herufi na namba kumi na mbili zilizopangwa mbilimbili, na ambacho anwani yake haimo kinafukuzwa hata kama nywila kinaijua. Ulinzi wa orodha nikapewa mimi, katibu. Nikwambie kweli, nilivimba kichwa. Mimi niliyeishia darasa la saba, leo simu ya mwalimu mkuu haiingii mtandaoni mpaka mimi nipende.

Halafu ukaja wewe na kile kibao. Nilidhani ni kitu ulichong'oa kwenye redio mbovu. Ukubwa wake kama kipande cha sabuni, hakina kioo wala vitufe, nawe ukaniambia, "Mama, hii ni kompyuta nzima." Nilicheka. Ukakiunga na kile kifaa kidogo kama jicho kinachotoa sauti tusiyoisikia, sauti ikashuka mpaka kwenye maji ikarudi, na kibao kikahesabu muda wa kwenda na kurudi kikasema maji yako wapi. Hapo kicheko kiliniisha. Miaka kumi na minne nimepanda ngazi ya tangi lile na kijiti mkononi kupima maji, na siku zote nimekosea kwa shubiri nzima. Kitu kisicho na mkono kilipima mara moja, kikapatia. Nilisema subhanallah, nikaomba ukirudishe kipime tena, na tena, na ukakubali bila kuninunia.

Ukaahidi mbele ya kamati. Kidude kitakaa juu ya tangi, kitakula umeme wa jua, kitapeleka kipimo kwa waifai mpaka kwenye simu zetu, nasi tutajua mapema lini tuagize maji ng'ambo, kabla watu hawajaanza kubishiana mlangoni kwangu. Na ukaongeza neno ambalo hakuna aliyekulazimisha: "Siondoki mpaka kifanye kazi siku mbili mfululizo bila kuguswa."

Mzee Mwinyi alikwambia, "Mjukuu wangu, usijifunge kamba usiyoijua urefu." Hukumsikia. Una kichwa cha baba yako, ambaye hata sasa yuko dago, kambini kwa wavuvi, huko Ras Mkumbi kwa kuwa aliwaahidi wavuvi wenzake miezi miwili, na homa imeshamlaza mara mbili.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda. Ulinisomea anwani ya kibao, nikaiingiza kwenye orodha, kisha nikachukua wino tunaoandikia ndoo nikaiandika na juu ya kifuniko cha kisanduku, maana mimi siamini kitu ambacho hakijaandikwa jina. Vipimo vilikuja mpaka jua likazama na betri yako ndogo ikaisha nguvu. Asubuhi jua likatoka, taa ya kibao ikawaka, lakini kwenye simu hakikuja kitu.

Ukaanza kutafuta. Ulibadilisha memori kadi. Ulibadilisha waya. Ukasema labda chumvi, ukasugua kila mguu wa chuma kwa mswaki wangu, ambao hukunirudishia. Ukasema labda kisanduku kinazuia mawimbi, ukakitoboa. Ukaitoa ruta kabatini ukaiweka dirishani. Ukikishusha nyumbani ukakiunga na simu yako, kinakubali. Ukikirudisha tangini, kinagoma. Watu wakaanza kupita na kuuliza, "Zuhura, bado tu?" nawe unawajibu, "Karibu, inshallah," na macho yamekuiva.

Jioni ya siku ya pili uliniuliza, "Mama, huko kwenye ruta hukioni?"

Nilifungua simu nikatazama. Anwani niliyoiandika haikuwapo miongoni mwa walioingia. Nikakujibu, "Chako sikioni," na nilikuwa mkweli. Niliona tu orodha ya waliofukuzwa, wageni nisiowajua, nikawadhania vijana wa dago la upande wa pili wanaojaribu bahati. Sikukutajia. Nilijiona mlinzi hodari.

Siku ya tatu nilipata kujua, na ili uelewe nilijuaje lazima nikupeleke nyuma, kwenye mwaka ambao wewe ulikuwa hujaanza shule.

Mwaka ule mvua ya vuli haikunyesha. Tangi lilishuka mpaka tukaona sakafu yake, kamati ikakata shauri kila mji, yaani kila kaya, upate ndoo mbili kwa siku. Ndoo zikapigwa rangi, kila mji na alama yake, nami nikasimama bombani na orodha. Jirani yetu Bi Tatu alama yake ilikuwa nukta tatu nyekundu. Alichota ndoo zake mbili, akaenda. Baada ya muda akaja mwanamke amejifunika kanga mpaka puani, ndoo yake ina mstari mwekundu. Nilimtazama anavyokuja. Bi Tatu huburuza kisigino cha kushoto tangu alipokanyaga mwiba wa samaki. Mtu anaweza kuzigeuza nukta zikawa mstari, lakini mwendo wake utamfuata.

Nikapaza sauti mbele ya watu wote. "Tatu! Rudisha maji ya watu."

Alisema kwa sauti ndogo, "Dada, niache leo. Nitakwambia."

"Utaniambia nini? Kwani weye mji wako una matumbo mangapi?" Wanawake wakacheka. Nikaichukua ile ndoo kwa mikono yangu miwili nikaimwaga ndani ya tangi, na nikajisikia mwadilifu.

Siku tatu baadaye, nikiwa uani naanua nguo, nikasikia mtoto mchanga analia nyumbani kwa Bi Tatu. Nyumba ile haikuwa na mtoto mchanga. Mdogo wake alikuwa amekuja kutoka bara na mimba isiyo na ndoa, amejifungua chumba cha ndani, na Bi Tatu alikuwa amemwekea sitara mpaka wazee wazungumze. Maji niliyoyamwaga yalikuwa ya kumwogeshea mzazi na kichanga chake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nilijifanya naijua.

Nilikwenda kuomba radhi. Alinitandikia mkeka, akanipa maji ya kunywa, Zuhura, maji, akasema, "Yamekwisha." Lakini tangu siku ile, mimi nikishika orodha, Bi Tatu haji bombani. Hutuma mtoto. Miaka yote hii umemwona akikupenda wewe na kunipita mimi kwa salamu fupi, ukanidhania mimi ndiye mwenye maringo. Kuna siku uliniuliza, nikakwambia mambo ya watu wazima.

Sasa rudi kwenye siku ya tatu ya kibao chako. Nilikuwa nimekaa na simu, nawatazama wale waliofukuzwa. Wengine walibisha mchana, nyakati ambazo wewe ulikuwa juu ya ngazi unahangaika. Lakini asubuhi zote mbili mmoja alibisha saa moja kasorobo, hakupitiliza. Anwani mbili tofauti, saa ileile. Nikajiuliza, mvuvi gani huyu mwenye nidhamu hivi? Nikainua macho dirishani. Saa moja kasorobo ndipo jua linaporuka paa la ofisi na kuigusa sola yako.

Nilimwona Bi Tatu na ndoo yake, nukta zimegeuzwa mstari. Sikujua kwa nini kibao kinabadili anwani, wala sikujua kwamba jambo hilo linawezekana. Lakini mwendo niliutambua. Yule mgeni niliyekuwa nikimfukuza kila asubuhi alikuwa mtoto wa mwanangu.

Hapo ningekuita. Ulikuwa uani, hatua kumi na mbili kutoka nilipo. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikakumbuka ulivyosema: siku mbili kikifanya kazi, unaondoka. Nikaufunga.

Jioni ulikuja umechoka, ukakaa chini ukaegemeza kichwa kwenye goti langu, jambo ambalo hukuwa umelifanya tangu ukiwa kidato cha pili. Ukauliza, "Mama, una hakika? Hakuna kitu chochote kinachobisha?"

Nikasema, "Hakuna."

Nilijiambia ni siku moja tu, nikushibe. Siku ya pili yake nilijiambia vilevile. Jumamosi wenzako wakapanda boti, mimi nikakupikia pweza wa nazi na kukufariji, "Mambo ni heri." Usiku unalala chumba cha pili nasikia pumzi yako, na moyo wangu unafurahi na kuniuma kwa pamoja. Ulipopigiwa simu kwamba bweni limejaa, ulikwenda kulia nyuma ya jiko ili nisikuone. Nilikuona. Hata hapo sikusema, kwa kuwa sasa, juu ya uroho wa kukushiba, nilikuwa na aibu pia. Mtu akichelewa kusema kweli siku moja, siku ya pili inakuwa nzito maradufu. Hilo nalijua kwa mgongo wangu, sikulisoma popote.

Ulilifumbua mwenyewe, bila mimi. Siku ya tisa uliazima kioo cha kompyuta shuleni, ukakipandisha juu ya tangi, ukakiunga na kibao hukohuko. Mimi nilikuwa chini nimeshika ngazi. Kisha ukasema taratibu, "Mama, hebu nisomee uliyoandika kwenye kifuniko." Ukanishushia kifuniko nikakusomea, mbilimbili. Ukacheka mpaka ngazi ikatikisika. "Si yenyewe! Mama, kinajiita jina jingine!"

Ulishuka ukanieleza, nami natamani ungejiona unavyoeleza. Ulisema programu mpya iliyomo kwenye kibao imefundishwa kujificha. Ulisema kila stendi, kila duka, kila hospitali kubwa pana waifai inayosikiliza vifaa vinavyopita, na kifaa kinachotaja anwani ileile kila mahali mtu anaweza kukifuata nyayo: jana huyu alikuwa hospitali, leo yuko sokoni, usiku amelala mtaa fulani. Kwa hiyo kikafundishwa kubadili anwani kila kinapobisha, ili mwenye nacho asifuatwe. "Hakijaharibika, Mama," ulisema. "Kilikuwa kinatunza sitara tu."

Wallahi nilikaa chini kwenye mchanga. Kibao kisicho na damu, kisicho na ndugu wa kumwonea haya, na wapo watu mahali fulani duniani waliokaa wakakifundisha sitara. Na mimi niliyezaliwa ndani ya kanga, niliyefundishwa neno hilo kabla ya kufundishwa kuhesabu, nililimwaga na ndoo mbele ya watu.

Ukapanda tena, ukafungua mipangilio, ukaandika amri zako. Nilikuuliza unakiambia nini. Ulisema, "Nakiambia, kikitafuta mitandao njiani kiendelee kujificha. Kikifika kwa huu wa tangi, kitaje jina lake la kuzaliwa, maana hapa ni kwao." Lile la kifuniko lilikuwa la siku ya kwanza tu, basi ukanisomea hilo la kuzaliwa, nikaliingiza kwenye orodha. Ukakizima, ukakiwasha. Ukakizima tena, ukakiwasha. Simu yangu ikalia: maji mita moja na robo. Niliisoma kwa sauti, na watu wawili waliokuwa bombani wakapiga vigelegele bila kujua wanashangilia nini.

Kisha ukasema, "Mama, nione hiyo ruta yako." Sikuwa na pa kukimbilia. Nilikupa simu. Uliwaona wote, wageni wanane kwa asubuhi nane. Uliona na saa zao, na uliona kwamba ukurasa ule nimekuwa nikiufungua kila siku, maana ruta huandika na hilo. Nilikuwa nasubiri uinue uso. Ulisoma mpaka mwisho, ukanirudishia simu kwa mikono miwili kama mtu anavyompa mkubwa wake kikombe, ukasema, "Ngoja nikachukue mswaki wako juu."

Sijui kama ulielewa. Nadhani ulielewa. Hukuniuliza mbele ya watu na hukuniuliza tulipobaki wawili. Umri wako mimi nisingeweza. Umri huu bado siwezi. Nimekulea miaka ishirini nikidhani mimi ndiye ninayekufunza, na siku ile chini ya tangi nilikutazama ukipanda ngazi nikaona aibu na fahari, na woga pia, woga kama ule unaompata mtu akisimama mbele ya kitu kikubwa kuliko alivyotarajia.

Basi nakiri kwa mkono wangu, usije ukabaki na shaka. Nilijua tangu siku ya tatu. Nilikudanganya kwa neno moja, "Hakuna," na neno hilo limekugharimu kitanda. Nisamehe ukiweza, na usipoweza upesi nitangoja. Jumapili kamati ikikaa nitawaambia mwenyewe kwamba kuchelewa hakukuwa kwa kibao wala kwa fundi wake. Na kwa Bi Tatu nitakwenda tena, safari hii kumwachia orodha ya bombani aishike yeye.

Limebaki moja. Juzi, kwa huruma yako, uliniwekea kwenye simu ile ramani yenye kitone. Ulisema, "Mama, ukinikumbuka, tazama hapa, utaniona nilipo." Jana ulipokwenda Kilindoni kukata tiketi, nilikaa nayo tangu asubuhi. Niliona kitone kinavuka maji. Nilikishika kwa kidole, mwanangu, nikalia kwa mshangao: mtoto yuko ng'ambo na mimi nimemshika. Kisha wakati wa kurudi kitone kikasimama Kiegeani. Dakika kumi, ishirini, saa nzima. Hatuna ndugu Kiegeani. Nikaanza kuuliza moyoni: kwa nani? Kuna nini? Nikavuta ramani karibu nione ni nyumba ipi. Nikajikuta nimesimama bombani na orodha mkononi, namtazama mtu anavyotembea.

Umerudi jana hukusema ulipitia wapi, nami sikuuliza, na sitauliza.

Mchana huu, kabla sijashika kalamu, niliingia kwenye mipangilio peke yangu. Ilinichukua muda mrefu, nilipotea mara tatu, na hakukuwa na mtu wa kunishikia ngazi. Lakini nilipaona mahali penyewe, nikakizima kile kitone.

Mama yako,
Mwanaisha